Picha Moja Chini ya Daraja

Bravin alikuwa ametoka Homa Bay kutembelea shangazi yake Migori. Kamera ilibakisha picha moja tu, akapiga mto chini ya daraja, na hapo hakukuwa na mtu. Studio walipoosha filamu, kijana alikuwa amesimama ndani ya maji, shati imemganda mwilini.

"Wuoyo! Huyu si Chrispine?" binamu yake Phanice alishtuka. "Alizama Jumapili. Mamake anamwita pale kila asubuhi ili atoke majini, mwili bado haijatoka."

Wakampelekea mamake Chrispine picha. Aliiangalia, hata hakulia.

"Mimi amekataa kuniitikia. Wewe amekuonyesha uso," alisema. "Twende, nyathina, mwanangu, umwite wewe."

Pale mtoni Bravin aliita mara moja. Maji ikafunguka polepole, mkono ukatokea kwanza.