Raba za Matope za Land Rova

Kilian alipomwomba bosi wake wafunge raba za matope nyuma ya matairi ya Land Rova, Placidi alicheka kwanza, kisha akamuuliza kama na yeye amekuwa sista wa misheni.

"Gari la milimani halivai sketi," alisema. "Ukirudi nyuma kwenye tope, tairi linazikanyaga zinang'oka. Na tukipita nataka watu wajue tumepita."

Hilo la kung'oka halikuwa uongo. Kilian mwenyewe aliwahi kupoteza mbili kwa siku moja kwenye miteremko ya Mbamba Bay, walikokuwa wakifuata dagaa wa usipa wakati wa mvua, msimu wa kununua kahawa ukiwa umekwisha. Lakini alijua sababu hasa ilikuwa mzee Aidan.

Enzi za ushirika, mzee Aidan alikuwa karani wa mizani pale Matiri. Siku moja, Placidi akiwa bado mtoto wa kaptula, karani huyo alimimina chini gunia la kahawa la mama yake Placidi mbele ya foleni nzima, akisema ina unyevu, na mama akaiokota punje moja moja. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, ghala la ushirika lilikuwa limebaki na popo, na mwenye gari alikuwa Placidi. Mzee Aidan alikwenda kanisani kwa miguu, na mkewe Ottilia, njia ileile kila Jumapili.

"Kanyaga mafuta," Placidi alikuwa akisema wakifika kwenye dimbwi la chini ya misheni, na Kilian alikanyaga. Wazee walibaki pembeni wametapakaa tope jekundu mpaka kwenye nyusi. Placidi hakuwa akicheka. Aligeuka kwenye kiti akawatazama kwa utulivu hadi kona iwafiche.

Jumapili ya Matawi tairi lilirusha jiwe. Kilian aliona kwenye kioo cha pembeni Ottilia akishika uso na kuchuchumaa, tawi lake likadondoka majini. Akapunguza mwendo.

"Nimekwambia usimame?" aliuliza Placidi.

Kilian hakusimama. Siku mbili baadaye alisikia kwamba jicho la kushoto la yule mama halioni tena. Jioni hiyohiyo alikata raba nne kutoka kwenye tairi lililokwisha, akazitoboa, akazifunga kwa nati.

Placidi aliziona siku ya gulio, watu wamejaa. Hakupaza sauti.

"Nani amekutuma?"

"Trafiki wa Mbinga, bosi. Anasema ni sheria."

"Trafiki yupi?"

Placidi akampa kisu, akasubiri mpaka raba ya nne ilipokatika.

"Sasa simama pale, nyuma ya tairi. Nataka uone zilikuwa zinazuia nini."

Angeweza kuondoka. Miguu ilikuwa yake na barabara ilikuwa wazi. Lakini aliwafahamu vijana watatu waliokuwa wakiitamani kazi ile, na mkewe Edina alikuwa mjamzito. Akasimama. Placidi akaingia kwenye usukani, akakanyaga, na matairi yakazunguka palepale kwenye tope. Lilimjaa masikioni, puani, ndani ya shati. Wa kwanza kucheka walikuwa wale wanaomuuzia Placidi kahawa, kisha wengine wakafuata. Edina, aliyekuwa akiuza mihogo, aligeuza uso, akaanza kufunga mzigo wake.

"Kaoge kwanza," Placidi alisema akishuka. "Hupandi gari langu ukiwa hivyo."

Nyumba ya karibu ilikuwa ya mzee Aidan. Ottilia alikuwa uani, kitambaa kimefungwa kwenye jicho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inama." Alimmiminia maji kichwani, akamfuta masikio kwa pindo la kanga yake. "Nani amekufanyia hivi?"

"Bosi."

"Pole. Na siku ile ya Matawi, ulikuwa unaendesha wewe?"

"Hapana, mama. Aliendesha mwenyewe."

"Nilimwambia mzee," Ottilia alisema. "Kilian mtoto wa Tadea hawezi kunifanyia vile."

Jumapili ya Pasaka walikuwa tena barabarani, wote wawili, wamesimama mbali kidogo na dimbwi. Gari lilipokaribia, Ottilia aliinua uso akatazama kwa jicho lililobaki, akamwona aliyeshika usukani. Placidi hakumwamuru akanyage. Kilian aliona mkono wa yule mama ukianza kuinuka, hakujua kama ni wa salamu au wa kujikinga, na hakuweza kuvumilia kutazamwa vile. Akakanyaga mafuta, mguu ukafika chini kabisa.

Safari hii Placidi hakugeuka nyuma. Alimtazama dereva wake, akawasha sigara, akampa na yeye moja.

Mwezi uliofuata Placidi alichumbia binti wa Songea, na binti hakupenda gari lenye matope. Raba mpya zikaletwa, nyeusi, nene, za dukani. Kilian alizifunga asubuhi moja. Wakati huo wazee walikuwa wamekwisha kuiacha barabara ile. Walipanda kanisani kwa kijia cha katikati ya mashamba ya kahawa, mzee Aidan akitembea upande usioona, amemshika mkewe mkono.