Gentrix Ndani ya Fremu Nyeusi

Mzee Wandera wa Matungu alikuwa na mambo mawili ambayo hakuyasamehe. La kwanza ni serikali, yote, kuanzia kwa naibu wa chifu hadi kule juu kabisa. La pili ni kwamba mkewe Teresa alizikwa kimyakimya kama paka. Siku aliyofariki, pale hospitali waliambiwa damu ipo ila mwenye funguo ameenda semina. Akafa semina ikiendelea, na hakuna redio iliyomtaja wala gazeti lililoandika jina lake.

"Wakubwa wakikohoa tu, gazeti linaandikanga," alizoea kusema sokoni. Watu wakicheka, yeye hacheki.

Bintiye Gentrix ndiye aliyemuuguza Teresa, na katika kuuguza, miaka yake ya kuolewa ikapita mlangoni bila kubisha. Kijiji kilikuwa kimeshaacha hata kumuuliza. Ndipo akatokea Clifford, mkulima wa mahindi kutoka Chekalini, mtu mpole wa maneno machache. Watu wake wakaja, wakazungumza, wakala kuku, wakakubaliana. Harusi ikapangwa Jumamosi kanisani. Gentrix akaanza kuimba tena akiosha vyombo, na Wandera akasikia akajua kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho ya mtoto wake.

Akaapa kwamba safari hii gazeti litaandika.

"Baba, watu wote tumeshawaambia," Gentrix alimwambia. "Gazeti la nini?"

"La mama yako. Jina lake litatoka, hata kama ni kwa sherehe ya mwingine."

Akauza mbuzi, akaenda Kakamega mjini, kwenye ofisi ya ajenti wa gazeti moja la kila wiki. Alimkuta msichana mwenye kucha za rangi, waya wa simu umening'inia sikioni. Akaulizwa anataka tangazo la namna gani. Wandera alilijua vizuri tangazo alilolitaka, maana nyama anayonunua buchani ilikuwa ikifungwa kwenye karatasi zenye matangazo hayo kila mara: uso wa mtu mkubwa, fremu nene nyeusi, majina ya jamaa, kanisa, siku. Ukutani palikuwa na kurasa za zamani zilizobandikwa. Akanyoosha kidole.

"Kama hilo. Hilo hilo, na fremu yake."

Akatoa picha ya Gentrix akiwa na blauzi nyeupe, anatabasamu kidogo. Akataja majina polepole: Gentrix, binti wa Wandera na marehemu Teresa. Mchumba wake ni Clifford, mwana wa Cleophas Shitanda wa Chekalini. Ibada ni Jumamosi kanisani, halafu watu wote waje nyumbani Matungu. Neno harusi hakulitaja. Mtu akileta picha ya msichana na jina la mchumba wake, kuna haja gani tena ya kuelezana?

Msichana akatoa ule waya sikioni. "Pole sana, mzee."

"Asante, mwanangu. Ni mapenzi ya Mungu," akajibu Wandera, akidhani anapewa pole ya Teresa, na moyo wake ukalainika kidogo kwamba hata katika ofisi za hawa watu kuna mmoja mwenye utu.

Alipomaliza kuandika, msichana akamgeuzia kompyuta ahakikishe. Wandera aliacha shule darasa la tatu. Herufi zilikuwa zikitembea mbele yake kama siafu. Lakini picha ilikuwa nzuri, na fremu ilikuwa nene kweli, ya watu wenye majina.

"Iko sawa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Gazeti lilitoka Alhamisi. Huko Matungu halikuwa limefika. Stima nayo haikuwepo, maana transfoma ililipuka baada ya uchaguzi, na wale walioahidi kuleta nyingine walipita na magari yao wakapotea. Simu ya Gentrix ilikuwa imezima, ya babake pia. Clifford alipiga akapiga.

Jioni ile Wandera alisikia kilio barabarani, akasema moyoni kuna jirani amefiwa. Kilio kikakata kona, kikaingia kwake. Walikuwa watu wa Chekalini, gari lao likiwafuata polepole nyuma, wameshika matawi mabichi, wengine wakiimba, na mbele yao bibi yake Clifford, mwanamke mkongwe, akimlilia Gentrix kwa jina, akimuuliza ni kwa nini ameondoka kabla hajamsongea hata ugali mmoja. Akajitupa chini katikati ya uwanja.

Gentrix akatokea nyuma ya nyumba na mtungi wa maji kichwani.

Nyimbo zikakatika. Cleophas, babake Clifford, akatoa gazeti ndani ya koti akampa Wandera. Wandera akaligeuzageuza, kisha akampa bintiye. Gentrix akautua mtungi, akasoma kwa sauti: "Kwa masikitiko makubwa, familia ya Wandera inatangaza kifo cha..." Akaishia hapo.

Wandera akapiga kelele zote alizokuwa nazo. Akawalaani watu wa gazeti, akawalaani wa hospitali, wa stima, wa kaunti, akasema ni hao hao tu, wameshindwa kumwandika Teresa akiwa amekufa, sasa wanamwandika Gentrix akiwa mzima. Cleophas alimngoja mpaka pumzi ikamwishia.

"Mkwe wangu, mimi sikulaumu," akasema. "Lakini mama yangu amemlilia huyu mtoto njia nzima, kwa jina lake. Kwetu mtu aliyeliliwa hivyo haingizwi nyumba kama bibi harusi. Unamwingiza na kile kilio."

Clifford alikuwa amesimama kando ya gari, akimenya tawi lake kwa kucha.

"Clifford," Gentrix akamwita. "Unaniona niko hai?"

"Nakuona."

"Basi?"

Akamtazama bibi yake, ambaye bado alikuwa chini, mavumbi usoni. "Kukhu hataweza kula chakula cha mkono wako," akasema. Gari lilipoondoka hakuangalia nyuma.

Wandera alirudi ofisini kudai haki. Yule msichana hakuwepo. Mwingine akaahidi marekebisho, na kweli yalitoka, mistari miwili chini ya zabuni za kaunti, mahali ambapo hata mwenye macho hasomi. Sokoni wanawake waliendelea kushtuka wakimwona Gentrix, kisha wakajifanya wanachagua nyanya.

Yale matawi yaliachwa langoni. Yalipokauka, Gentrix aliyakusanya akayatia jikoni, akapikia. Kuimba hakuimba. Babake alikaa mlangoni akianza tena hesabu yake ya wakubwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka bintiye akamwekea sahani magotini.

"Watu hawa, Gentrix..."

"Kula, Baba. Wewe angalau hukunililia."

Wandera akamega tonge, akafumba macho kwa nguvu, maana kuna kitu kilikuwa kinataka kudondoka, na chakula cha mwanawe kilikuwa mbele yake.