Utepe wa Kliniki ya Masikio

Mimi ni fundi cherehani, elimu ya masikio sina. Lakini hata mimi, na ujinga wangu wote, nisingeliita jina la kiziwi kwa mdomo halafu nimnunie kwa kutoitika.

Mdogo wangu alipata homa ya uti wa mgongo mwanawe akiwa na miezi miwili. Homa ikamwachia uhai, ikaondoka na masikio yote mawili. Daktari wa masikio, mama mmoja mpole, hakutuficha: kuna kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio, atasikia tena, ila baada ya homa ile sikio la ndani huanza kuziba kwa mfupa. "Msichelewe. Likiziba, hakuna pa kukipitisha." Wapasuaji huja mara moja kwa mwaka, na safari hii wangefika mwisho wa mwezi. Ilibaki apimwe kwenye kliniki ya kila Jumanne ili aingie kwenye orodha.

Tukaenda. Loo! Mlangoni kibao kipya: TUNABORESHA HUDUMA. WASINDIKIZAJI NJE. Basi sisi wenye masikio tukabaki kibarazani, viziwi wakaingia peke yao kwenye mabenchi. Karani, tuliyembatiza Bwana Daftari, anaita majina kichwa kimeinama. Anaita mara tatu, kimya. Anaandika "hakuitika", anahamia kwa mwingine. Asubuhi ile alifuta watu kumi na mmoja, mdogo wangu akiwamo, na wote wamekaa mbele yake wanamtazama.

Nilipiga kelele dirishani, "Huyo hapo, mwenye kitambaa cha kijani!"

"Mgonjwa aitike mwenyewe," akasema. "Mkianza kuitikiana, foleni inaharibika."

"Kaka yangu, hasikii!"

"Ndiyo maana yuko kliniki ya masikio, mama."

Nikawapelekea wakubwa wa kliniki wazo: andikeni namba ubaoni kwa chaki. Wakasema zuri sana, linakwenda kwenye kamati ya maboresho. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaleta kipaza sauti. Dude kubwa hilo! Jumanne ya pili walioziba masikio ni sisi wa nje. Ndani watu wametulia tuli, na mdogo wangu akapata "hakuitika" ya pili. Ukipata ya tatu jalada linafungwa, unaanza upya mwakani. Na mwakani hilo sikio lingekuwa mfupa mtupu.

Siku moja mchana nilimkuta mdogo wangu nyumbani anachambua mchele, mtoto kalala kando. Ncha moja ya utepe kaifunga kwenye mguu wa mtoto, nyingine kwenye mkono wake mwenyewe. Mtoto akirusha miguu, mama anajua kaamka. Nililia, sitawadanganya. Kisha nikafuta machozi nikasema moyoni, penye nia pana njia.

Jumanne ya tatu nikaja na utepe wa mita sita. Niliupitisha kwenye upenyo wa dirisha, ncha moja mkononi mwake, nyingine mkononi mwangu. Kipaza sauti kikanguruma jina lake, nikavuta. Mdogo wangu akasimama wima kama askari. "Nipo!"

Wenzake mabenchini hawakugeuka, watageukaje? Lakini Bwana Daftari aliinua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akatabasamu, jamani, furaha ya kweli. Akaandika, akagonga muhuri. Nikasahau kibao cha mlangoni, nikaingia mbio, na nikasoma mwenyewe kwenye daftari: "Ameitika mara tu alipoitwa. Anasikia. Haingii kwenye orodha."

"Hongereni," akaniambia. "Wangekuwa wote hivi!"

Nilimwonyesha utepe. Nikamweleza, nikamsihi, nikamtukana matusi ambayo mama yangu hakunifundisha. Muhuri umeshapigwa, akasema. Daktari je? Yuko kwenye semina ya maboresho, atarudi mwezi ujao.

Mdogo wangu hakuwa ameona kilichoandikwa. Alikuwa ananitazama mdomo, utepe bado kaushika, macho yanang'aa. Akauliza mwenyewe, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake:

"Dada, nimepata? Nitamsikia mwanangu?"

Bwana Daftari akakunja uso.

"Mwambie apunguze sauti," akasema. "Sisi si viziwi."