Hata E Ina Watoto

...usiachie mama, ukiachia inakuja e ya kawaida, bonyeza hapo hapo mpaka ifunguke, na kidole cha mama mkwe kikashuka tena juu ya kioo, kinene, kinang'aa mafuta ya kuchulia mgongo, kikatulia, herufi ikafunguka, zikatokea nyingine ndogo ndogo juu yake, yenye kofia, yenye vidoti viwili, yenye kimstari kichwani, zimejipanga kama vifaranga, na yule mama akacheka mpaka kochi likalia, "Ala! Hata e ina watoto!", akaliacha neno lizame, na yeye mkamwana akacheka pia, afanyeje, miaka saba anacheka, mashavu yameshaijua kazi hiyo bila kutumwa... "Yenye kimstari, mama, ndiyo ya jina la mjukuu wako." "Mjukuu wangu pekee," mama mkwe akasahihisha, pekee, neno hilo halikosi, wifi yuko ughaibuni kazaa mara moja tu lakini ukimsikia mama utadhani kazaa taifa zima, na mama mwenyewe alikuja kukaa wiki moja, huu mwezi wa nne, begi ameshalipandisha juu ya kabati, asubuhi hii tu alimwita amkande mgongo, akamsifu, mikono yako laini mwanangu, haijabeba mtoto, utaijua tu... "Sasa ile nyingine, unaandika herufi mbili inatoka sentensi nzima," ndiyo, hiyo mkamwana alijitakia, ulimi hauna mfupa, juzi mezani alijisifu kwamba ofisini barua za wateja haziandiki tena, herufi mbili tu, tumepokea malalamiko yako tunayafanyia kazi, mume akacheka, mama akatega sikio, na leo mume yuko kazini wamebaki wawili na simu katikati yao, basi akafungua mipangilio, hapa maneno yenyewe, hapa kifupi chake, "Haya mama, huwa unaandika nini mara kwa mara?", akitegemea nimeamka salama, akitegemea Mungu awabariki, na mama mkwe akanyoosha miguu, sauti ile ile ya kuagiza chumvi, "Andika, mwanangu, oa mwingine kabla sijafa."

Vidole vikaandika. Ndicho kilichomshangaza, viliandika, mwanangu, vikaweka na mkato mahali pake, kwa adabu, kama barua ya ofisini, naye akaviangalia kama vidole vya mtu mwingine... siku ile ya majibu, gari nje ya hospitali, vioo vimepandishwa, mume ameuweka uso kwenye usukani analia kwa kwikwi, daktari amesema hakuna mbegu hata moja, ni yeye, "mama asijue, mke wangu, utamuua," na yeye akaubeba, akaenda kwa mama mkwe kwa miguu yake mwenyewe akasema tatizo ni langu, akaitwa tasa mbele ya mashemeji, akaambiwa nyumba isiyo na mtoto ni kaburi lenye madirisha, akauma meno, kwa sababu yupo mtu mmoja anayejua, mtu mmoja ambaye moyoni anamtetea... "Kwani mama unamwandikia hivyo mara nyingi?" "Kila siku ya Mungu! Kidole kinaniuma." "Naye anasemaje?" "Mwanangu ana adabu yake. Ananijibu, subiri kidogo mama, natafuta taratibu, huyu nitamwambia mwenyewe."

Natafuta taratibu. Anatafuta. Akiwa na nini, jamani, anatafuta akiwa na nini, anataka kwenda kumtoa binti wa watu kwao, amvalishe pete, amlaze kitandani, na baada ya miaka michache amuingize kwenye gari, apandishe vioo, alie, mama asijue mke wangu... na huyu nitamwambia mwenyewe, huyu, kumbe ndilo jina lake, huyu... "Umemaliza?" "Bado kidogo mama," na akafuta, neno oa likaenda, mwingine likaenda, kabla sijafa likaenda, akabakiza mwanangu na mkato wake, akaandika, mkeo ameniambia yote, tasa ni wewe. Hifadhi. "Tayari. Andika o mbili tu." Mama mkwe akaandika o, akaandika o, sentensi ikaruka ikajaa kiooni, akaipeleka simu mbali na macho, akaileta karibu, "Sioni, lakini ndefu kweli! Imetoka yote?" "Yote." "Basi ngoja nimtumie sasa hivi, ajue mama yake si wa jana," na dole gumba likaning'inia, likaitafuta sehemu, na palikuwa na nafasi pale, nafasi ya kusema ngoja mama nimekosea, presha yake, uso wa mume akiisoma mbele ya wenzake kazini, aliviona vyote, alivipitia kimoja kimoja apate kuona kama kuna kinachouma, hakuna... "Kwenye mshale, mama. Hapo hapo."

Ikaenda. "Sasa niletee miwani yangu, iko kitandani, nione atakavyonijibu," na yeye akainuka, "Nakuja mama," akaikuta chini ya mto, imejaa alama za vidole, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa upindo wa gauni, kioo kimoja, kisha cha pili, akaiinua dirishani kwenye mwanga, akaona bado kuna ukungu pembeni, akarudia kuifuta.