Fimbo ya Usawa

Mwanangu Kabula hasikii. Homa ilimpitia akiwa bado ananyonya, ikaondoka na masikio yake. Alipofika umri wa kuanza shule, mwalimu mkuu wa wakati ule hapa Usoke alinijibu kwa upole kwamba mtoto wa namna hiyo hawamwezi, nimpeleke bweni la viziwi mjini Tabora. Nikampeleka. Nikawa mama wa likizo. Kila akirudi mikono yake ilikuwa na maneno mapya, na mimi nilikuwa na yale yale ya zamani.

Mwaka huu nikiwa nafunga majani ya tumbaku, nikasikia redioni mtu akieleza kuwa sheria siku hizi hairuhusu shule kumkataa mtoto kwa ulemavu wake. Nilinawa mikono, nikaenda kwa mwalimu mkuu wa sasa, Mwalimu Justus, ambaye pia ndiye anayefundisha darasa la nne, darasa la Kabula. Hakubisha.

“Mlete, Mama Kabula. Sheria ni sheria.”

Jirani yangu Gaudensia, anayelea mjukuu asiyesikia aitwaye Amon, alinitania. “Umemtoa kwenye wali wa bweni umlete kwenye ugali wako? Haya, tuone.” Lakini alikuwa anaangalia. Amon naye anaanza shule mwakani.

Shamba letu limepakana na uwanja wa shule, kwa hiyo nilikuwa naona. Wakati wa mapumziko Kabula alisema na wasichana kwa mikono, nao wakapunga yao kama wanaofukuza nzi, wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Kisha wakakimbilia michezo yao.

Siku moja akarudi kiganja kimevimba. Akanionyesha: mtu anagonga chuma, watoto wanakimbia, yeye yuko nyuma ya darasa anatazama siafu. Halafu fimbo.

Kesho yake nikaenda.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Najua kilichokuleta.” Akanisogezea kiti. “Waliochelewa niliwachapa wote. Ningemruka yeye, wenzake wangesema huyu ana shule yake. Si ninyi wazazi mliotaka usawa?”

“Kengele aliisikia?”

“Sikuwaza kengele. Niliwaza fimbo tu.”

Nilimwamini. Uso wake haukuwa wa mtu mkatili. Akaniambia ameomba wilayani mwalimu wa lugha ya alama, amejibiwa asubiri.

“Wakati wewe unasubiri, Kabula afanye nini?”

“Akae darasani. Hakuna atakayemfukuza.”

“Kukaa, hata nyumbani anakaa, mwalimu.”

Jioni, tukichambua mboga, nikamwuliza mtoto kwa alama zangu chache: hapa, au kule? Hakujibu moja kwa moja. Alianza kunitajia rafiki zake wa bweni. Kila mmoja ana jina la mkono: huyu wa kubonyea shavuni, huyu wa pengo, huyu anayevuta sikio akicheka. Nikamwuliza majina ya wa hapa. Akaninyooshea kidole mimi tu. Akaendelea kuchambua mboga.

Nilikuwa nimepigania awe karibu nami, na karibu nami hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kusema kweli iliniuma. Nilikuwa nimeshazoea kumfunika shuka mwenyewe.

Siku niliyokwenda kuaga nilikuwa na Kabula, na Gaudensia amemshika Amon mkono. Mwalimu Justus aliposikia Kabula anarudi mjini, mabega yalimshuka kama mtu aliyetua gunia.

“Basi usije ukasema tulimkataa.”

“Sitasema. Ulimpokea, na asante. Lakini huyu Amon ni wako mwakani, na bibi yake hana mpango wa bweni.”

“Sina,” alisema Gaudensia. “Mimi ni mzee, kulala peke yangu naogopa. Utanilaza wewe?”

Mwalimu alicheka, akaacha. “Mwalimu wa alama bado hajaja, bibi.”

“Tumesikia,” nikasema. “Tumekuja tukuulize, mtoto atakaa tu kama mwenzake, au utaanza kujifunza wewe?”

Mwalimu alimtazama Amon kwa muda. Mtoto naye akamtazama, kidole mdomoni.

“Shikamoo inafanywaje kwa mikono?” akaniuliza.

Sikuwa na hakika. Nikamgusa Kabula begani, nikamwashiria amfundishe mwalimu.