Nyonga ya Danieri

Daktari wa kwanza alimnyima Danieri Maate pensheni kwa sababu alitembea vizuri. Ndivyo barua ilivyosema: mwombaji alitembea wima, bila msaada, wala hakulalamika. Mkewe, Yunia, aliposomewa, aliweka jembe chini akamtazama.

"Nani alikutuma kutembea vizuri, Baba Kellen?"

Nyonga ya Danieri ilivunjika Burma, wakati wa vita vya Hitla, walipokuwa wakipandisha makreti ya mabomu mlimani kwenye matope. Aliyemtangulia aliteleza, akamwangukia pamoja na mzigo wake. Mfupa uliunga vibaya. Lakini Danieri alirudi nyumbani akiwa koplo, na kwa fikira zake koplo hachechemei mbele ya raia. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliufundisha mwili wake kudanganya. Njiani kwao Bwera alikwenda kifua mbele, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kitu chochote. Akifika nyumbani alifunga mlango, akalala chali juu ya mkeka na kuuma kona ya blanketi.

Kuinama hakuweza kabisa. Kahawa yao ilipaliliwa na Yunia peke yake, mumewe amesimama kando akimwonyesha magugu aliyoyaruka. Majirani walimpa jina la Bwana Mnyapara. Sasa magoti ya Yunia nayo yalikuwa yamevimba, na ndugu zake Danieri walikuwa wameanza kulipima lile shamba kwa macho kila walipopita. Pensheni ingemwajiri mtu wa kulima. Bila pensheni shamba lingekwenda, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana.

Ilibaki rufaa moja. Bodi ya pensheni ingekaa Kasese, na ikikataa, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Yunia ndiye aliyemtayarisha. Alimkataza kuvaa nishani, akamkataza kupiga pasi kaptula, akamtafutia fimbo.

"Tembea kama unavyotembea humu ndani."

"Wataona ninaigiza."

"Igiza basi. Si nyonga yako mwenyewe?"

Akajaribu uani. Kuonyesha ukweli kulimtia haya kuliko ule uongo wote wa miaka iliyopita. Watoto wa jirani walikuja kutazama, wakamfuata nyuma wakichechemea, naye akawavumilia. Baada ya jioni kadhaa aliweza kuvuka ua mzima akiwa kilema, kama alivyokuwa.

Siku ilipofika, lori la chumvi kutoka Katwe liliwachukua pale njia panda ya Kikorongo, likawashusha Kasese jua likiwa limekwisha kuwa kali. Kwenye varanda ya ile ofisi walimkuta mwenzao anangoja, mtu wa Karusandara aitwaye Mbabazi, aliyepigwa risasi ya goti katika vita vile vile. Yeye naye alikuwa na fimbo. Walisalimiana kwa vyeo vyao vya zamani, kisha akawasogezea karatasi yenye ndizi za kuchoma.

"Kuleni, ndugu zangu. Humo ndani hawatupi hata maji."

"Wewe umekuja mara ngapi?" Danieri akamwuliza.

"Hii ni ya mwisho, kama yako. Wa kwanza akitoka amwambie wa pili wameuliza nini. Au siyo, koplo?"

"Ndiyo hivyo."

Wakaitikiana kwa kichwa, wakala.

Karani alimwita Danieri kwanza. Aliingia akiegemea fimbo, mguu wa kulia ukiburuta, kama Yunia alivyotaka. Mezani walikaa watu watatu: mwenyekiti mzee mwenye miwani aliyetoka Kampala, daktari kijana, na Kapteni Semakula, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye kabla ya uhuru alikuwa sajini wa Waingereza. Danieri alipewa kiti. Daktari alimwuliza maswali, akayajibu vizuri. Daktari akaandika, akaitikia kwa kichwa, akaandika tena. Mwenyekiti alivua miwani, akasema maumivu ya namna hiyo yanafahamika. Danieri akauona mwaka mzima ujao: kijana wa kazi shambani, Yunia amekaa kivulini.

Ndipo Semakula akakohoa.

"Mzee, wewe ulikuwa batalioni gani?"

"Ya nne, afande."

"Ya nne! Basi tumekula mbu wamoja." Akacheka, na Danieri akacheka pia. "Nani alikuwa anawafundisha kwata?"

"Mzungu mmoja, afande. Alikuwa akiona kifungo kimoja kimelegea, unazunguka uwanja na bunduki juu ya kichwa mpaka jua linaingia."

"Na wewe kifungo chako?"

"Hakikulegea hata siku moja, afande."

"Ninaona. Mtu aliyefundishwa vizuri anaonekana hata akikaa." Semakula alijimiminia maji katika gilasi, akanywa kidogo, akaiweka mezani polepole. Kisha, bila kuinua uso, akapaza sauti ambayo ilisikika mpaka barabarani.

"Koplo Maate! Mguu sawa!"

Fimbo ilianguka sakafuni. Danieri alikwisha kusimama, visigino vimegongana, kidevu juu, mikono imebana mapajani. Hakukumbuka kuinuka.

"Nyuma, geuka!"

Akageuka. Kitu kililia ndani ya nyonga, kama mti mbichi unaovunjwa.

"Mbele, tembea! Kushoto, kulia! Kush, kul! Kush, kul!"

Akaenda mpaka ukutani. Mikono ilipanda na kushuka sawasawa. Akaambiwa geuka, akageuka. Akaambiwa simama, akasimama. Machozi yalimtiririka, lakini uso haukukunjamana, kwa kuwa hivyo ndivyo uso ulivyofundishwa.

"Bwana Mwenyekiti," Semakula akasema, sauti yake imekuwa laini tena, "mimi hapa sijaona kilema. Nimeona askari mzima. Kama wengine wote wa zamani wangekuwa hivi, tusingelipa mtu."

Danieri alilisikia lile neno, askari mzima, na kabla hajaelewa lilikotoka wala lilikokwenda, kifua kikamjaa.

"Lakini anatoka jasho sana," daktari akasema.

"Hii ni Kasese, daktari. Hata wewe unatoka jasho."

Mwenyekiti alicheka, akavaa miwani, akagonga muhuri. Rufaa imekataliwa. Karani akamwambia Danieri atoke. Danieri alitaka kutoka. Mguu haukukubali, nyonga ilikuwa imefunga, akabaki pale katikati ya chumba, wima, mikono mapajani.

"Afande, siwezi kusogea."

"Mnamwona?" Semakula akawaambia wenzake. "Sasa ameanza tena."

Karani na mlinzi walimtoa, wamemshika makwapani, wakamlaza juu ya saruji ya varanda kwa sababu hakuweza kukaa. Fimbo ikatupwa nyuma yake. Yunia aliiokota, akamtazama usoni.

Mbabazi ndiye aliyechutama karibu, goti lake bovu limenyooshwa mbele. "Mwenzangu, pole. Wameuliza nini?"

Danieri alitazama dari ya mabati.

"Maswali ya kawaida. Yuko afande mmoja, mtu mzuri, amepigana Burma. Mheshimu tu."

"Hakuna jambo la kujihadhari?"

"Hakuna."

Mbabazi akamshukuru, akajiinua kwa fimbo yake, akaingia. Kicheko kikasikika, kisha ile sauti, na baada yake visigino viwili vikigonga sakafu kwa pamoja.

"Ulijua," Yunia akasema.

"Nilijua."

"Mtu ametupa chakula chake. Kwa nini hukumwambia?"

"Na mimi nani aliniambia?"

Ndani walikuwa wakihesabu, kush, kul, kush, kul. Danieri alikaza masikio. Mbabazi alikosea hatua moja, kisha nyingine.

"Msikilize," akasema. "Hata kugeuka hajui."

Yunia alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akashuka ngazi bila kugeuka, akaenda zake kwenye jua kutafuta lori la kurudi.