Gari Lililomgomea Mama

"Kufa basi!" nililiambia gari. "Kufa nikuone!"

Halikufa. Lilipanda mlima wa hospitali likinguruma kwa raha zake, gea ya tatu, mguu wangu umekandamiza mafuta hadi mwisho. Nilifika juu, nikageuza mbele ya lango la hospitali, nikateremka, nikapanda tena. Walinzi wa lango walikuwa wameshanizoea. Mmoja alinipungia mkono. Mwenzake akagusa kichwa kwa kidole, kuonyesha kwamba huyu dada hazimo. Sikumlaumu. Fundi wa magari anayeomba gari liharibike ana haki ya kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Nilikuwa naomba hivyo kwa sababu jana yake gari hilo hilo, kwenye mlima huo huo, lilimwacha mama yangu kando ya barabara. Halikuwa limeanza jana. Mama alikuwa akitibiwa kwa dripu za dawa kali, kila moja ikiwa na siku yake, na akichelewa kitanda anapewa mgonjwa mwingine. Muuguzi alishatuambia bila kuzungusha maneno: siku zikiendelea kurukwa, daktari atalazimika kuanza matibabu upya, na mwili wa mama hautakuwa na nguvu za kuanza upya. Kwa hiyo nilipokuwa nikizunguka pale mlimani, sikuwa natafuta ubovu wa gari tu. Nilikuwa nagombania uhai wa mama yangu na chuma cha kijivu ambacho nilikuwa nimekifufua mwenyewe.

Gari lenyewe ndilo lililokuwa fahari yangu. Nililiokota gereji, likiwa limetelekezwa na mwenyewe, injini ya dizeli ya zamani isiyo na kompyuta wala mbwembwe. Nililifungua lote, nikalifunga lote. Mama alipoanza kuumwa nikakibadilisha kiti cha nyuma ili aweze kujilaza njia nzima, maana kwenye teksi hakuweza kukaa wima hata mpaka njia panda. Nikawapelekea wazazi nyumbani, nimelifunga utepe mwekundu mlangoni. Baba alilizunguka mara kadhaa akiligongagonga mabati. Alikuwa fundi bomba, amestaafu, na kila kitu kwake alikipima kwa kukigonga.

"Bomba la moshi nitakaza mimi," alisema.

"Baba, tafadhali. Mabomba ya maji ni yako. Gari ni langu. Usiliguse."

Alicheka, akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Miezi ya mwanzo lilikwenda vizuri. Kisha, dripu zilipoanza, likaanza na lenyewe. Baba alinieleza kwa simu, sauti imemkauka. "Linatoka nyumbani zima kabisa. Tukifika chini ya mlima linakata pumzi. Unakanyaga, halisikii. Linatambaa, halafu kimya. Tukikaa kidogo linawaka tena kama halijafanya lolote."

"Lete gereji."

Akalileta. Nikalipandisha mlima ule ule likiwa na mafuta kidogo, likiwa limejaa, likiwa na mawe nyuma, asubuhi, kwenye jua kali. Likanipiga chenga. Nikabadilisha chujio la dizeli, nikatoa hewa yote kwenye mfumo. Baba akarudi nalo, siku ya dripu ikafika, likafa mlimani. Nikabadilisha mipira ya mafuta. Likafa. Nikafungua pampu, nikasafisha nozeli moja moja, nikashusha tanki nikaliosha mpaka ningeweza kunywea maji humo. Nikampigia baba simu siku ya dripu, moyo juu.

"Limekufa," alisema.

Nilitupa spana ikagonga ukuta wa gereji. Fundi mwenzangu, ambaye sote tulimwita Betri kwa sababu kwake kila ugonjwa wa gari ulikuwa betri, aliiokota na kunirudishia.

"Mimi nasema ni betri," alisema.

"Betri inazimaje dizeli inayotembea, we mtu?"

"Sijui. Lakini wewe umelifungua lote isipokuwa watu waliomo." Alijikuna kisogo. "Likiwa nawe ni zima. Likiwa nao linakufa. Si upande nao?"

Nilimwona ananidhihaki. Niliwahi kumwambia baba nitapanda nao, akakataa: nitapoteza siku ya kazi bure, dereva anatosha. Nami, kusema kweli, nilijiona na faida zaidi chini ya gari kuliko juu yake. Basi jioni ile nikaenda nyumbani kwao, nikatandaza gunia uani, nikajisukumia chini ya injini na tochi mdomoni. Nilikuwa huko nilipoziona ndara za mama zikija taratibu, zikasimama karibu na gurudumu.

"Mwanangu."

"Nipo, mama. Naangalia kitu kimoja tu."

"Acha kujitesa. Hili gari halinitaki. Likiwa na ninyi linapanda, mimi nikiingia linagoma." Alivuta pumzi, akapumzika, akaendelea. "Keshokutwa nakwenda kwa ajili yenu. Lisipofika, basi. Msinipeleke tena. Nimechoka kukaa kando ya barabara watu wakinipita wakinihurumia."

Nilitaka kumjibu lakini nilikuwa na tochi mdomoni, na nilipoitoa, ndara zilikuwa zimeshageuka. Nilibaki nimelala pale nikiitazama injini, nikaichukia kama mtu anavyomchukia mtu. Nikalia kwa hasira, mafuta yakinidondokea shingoni.

Asubuhi ya keshokutwa sikuaga gereji wala sikumwambia baba. Nilimkuta nyuma ya gari, akifuta mikono kwa kitambaa. Alishtuka.

"Leo huendi kazini?"

"Kazi yangu leo ni hii. Endesha tu, mimi nasikiliza."

Alikisokota kile kitambaa, akakitia mfukoni. Tulimlaza mama nyuma, nami nikakaa mbele kando ya baba, sikio limeelekea injini. Njia nzima injini ilikuwa tamu.  Baba alishika usukani kwa mikono miwili kama anafanyiwa mtihani wa leseni. Tulipofika chini ya mlima nikaisikia: injini ilisita, ikajikaza, ikasita tena. Baba alikanyaga. Gari likatambaa hatua chache, likatetemeka, likazima.

Huko nyuma mama alisema, bila ubishi wowote, "Haya. Mmeona wenyewe."

Nilishuka kwa kasi, nikafungua boneti. Juu ya chujio kulikuwa na pampu ndogo ya mkono ya kuvutia mafuta. Niliibonyeza, ikabaki imebonyea, haikurudi.  Maana yake ni kwamba mafuta yalikuwapo ila yalishikiliwa huko nyuma. Kitu kilikuwa kinalivuta tanki kwa ndani.

Nikakimbilia nyuma, nikashika kifuniko cha tanki. Kilikuwa kigumu ajabu. Nilipokizungusha kikaachia, na tanki likavuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikakigeuza kifuniko. Kwenye meno yake kulizungushwa tepu nyeupe, ile ambayo mafundi bomba huzungushia bomba lisivuje, imekazwa kwa ustadi bila mkunjo. Ndani yake kulipachikwa duara la mpira, limekatwa sawasawa kabisa, likaziba lile tundu dogo ambalo tanki hupumulia. Mafuta yakitoka, hewa haikuwa na pa kuingilia. Kazi safi. Hakuna fundi gari duniani ambaye angeifanya.

Baba alikuwa ameshuka. Alisimama akiitazama barabara.

"Baba, hii nini?"

"Ni kuzuia harufu."

"Harufu gani?"

"Ya dizeli. Tangu aanze dripu harufu ile inamgeuza tumbo. Anafika hospitali hana nguvu hata ya kutoa mkono achomwe." Alikionyesha kifuniko kwa kidole. "Nikaona inavuja hapa. Nikaziba."

"Na unapolileta kwangu?"

"Naitoa. Uliniambia nisiguse. Ungenicheka."

Nilichemka. Nililipiga teke gurudumu, nikaumia, nikazidi kukasirika. "Mngeniambia! Nimeshusha tanki! Nimefungua pampu! Dripu ngapi zimepotea? Harufu hii inatoka kwenye mpira wa kujazia tanki, umechakaa unatoa jasho, kazi ya asubuhi moja! Asubuhi moja tu, baba!"

 Alikuwa ameshaelewa, kabla sijamaliza kufoka, ni nani aliyekuwa akiligomesha gari siku zote zile. Maisha yake yote alikuwa ameziba, na watu wakamshukuru kwa kuziba. Alikinyooshea mkono kile kifuniko, nikampa, akaanza kubandua tepu yake na ule mpira kwa kucha.

Kioo cha nyuma kilishuka.

"Kumbe ni wewe," mama alimwambia. "Nikadhani nimeizoea harufu."

"Samahani, mke wangu."

"Na wewe acha kumpigia baba yako kelele barabarani. Mimi ndiye niliyemkataza asikuambie habari ya harufu."

"Kwa nini, mama?"

"Umelileta na utepe mlangoni. Nikuambie linanuka?"

"Ndiyo! Uniambie linanuka!"

"Halafu ungeingia tena chini yake." Aliegemeza kichwa kwenye fremu ya dirisha. Kilikuwa chepesi sana, kimebaki macho. "Tangu niugue, ukija nyumbani naona miguu yako tu, imechomoza chini ya gari. Nami nilikuwa nataka kukuona uso."

Malori yalipita yakitutikisa.  Mpaka leo ninapofundisha vijana wangu kutafuta gari linalopoteza nguvu, nikifika kwenye kifuniko cha tanki nawaambia habari ya tundu na hewa, na hiyo habari nyingine, ya mama, naipita. Mama alizimaliza dripu zake zote. Mpira wa kujazia niliubadilisha kesho yake, na kweli ilikuwa kazi ya asubuhi moja, nikaosha mikono nikaingia ndani kukaa naye. Lakini siku ile hatukuwa na mpira mwingine. Kilichokuwapo ni kifuniko kitupu, mlima, na kitanda kinachotusubiri kwa dakika zilizobaki.

Baba alikirudisha kifuniko, kikalegea kidogo kwenye meno yake. Nilifungua mlango wa nyuma, nikaingia, nikakiweka kichwa cha mama mapajani mwangu, nikashika beseni lake la kutapikia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kiti kile tangu nilipokishona. Injini iliwaka. Tulipoanza kupanda, harufu ikaja, nzito, ikapanda kutoka chini ya kiti mpaka machoni, na mama akanishika mkono, akainama, akatapika. Nilimfuta. Akatapika tena. Gari lilivuta bila kusita, gea ya tatu.

Baba alitutazama kwenye kioo, akapunguza mwendo.

"Linanuka sana?" aliuliza.

"Linanuka," mama alisema ndani ya beseni. "Kanyaga mafuta."